"UMEKATIKA" AU "UMEKATWA"? LUGHA YA TAARIFA ZA KUKATIZWA KWA UMEME ZINAZOELEKEZWA KWA POLISI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa kutangaza kukatizwa kwa umeme kwa mpango, yakijikita katika taarifa inayopaswa kumfikia polisi kabla giza halijaingia. Yakiongozwa na nadharia ya vitendo-usemi, yanadai kwamba tangazo kwa umma na taarifa kwa kituo cha polisi ni matini mbili tofauti, hata kama zinahusu tukio moja. Kauli ya kitenzi, namna ya kutaja mahali na namna ya kutaja saa huchunguzwa kama vipengele vinavyoamua iwapo askari ataweza kutenda au atabaki kuuliza. Mwishoni, kiolezo cha taarifa kwa Kiswahili kinapendekezwa.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kamba hukatikia pabovu. Katika methali hii hatuelezwi ni nani aliyeikata kamba. Imekatika yenyewe, na lawama, ikiwa ipo, imeangukia ule ubovu. Kauli hiyo hiyo ndiyo tunayoitumia umeme unapokosekana: tunasema "umeme umekatika". Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya husemwa pia kwamba "stima imepotea", kana kwamba stima ni mbuzi aliyeachwa malishoni akasahau njia ya nyumbani. Usemi wa kwanza na wa pili haumtaji mtendaji. Msikilizaji hujua tu kwamba kitu kilichokuwapo sasa hakipo.

Hata hivyo, si kila giza hujileta lenyewe. Kampuni ya umeme hukata umeme kwa makusudi ili kubadilisha nguzo zilizooza, kuunganisha wateja wapya au kuhamisha nyaya barabara inapopanuliwa. Wakati mwingine umeme hukatwa kwa zamu kwa sababu hautoshi. Mnamo 2000 ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana yanayozalisha umeme, na Wakenya wakaishi kwa mgao. Mwaka wa 2009 mgao ulirejea kwa sababu iyo hiyo ya ukame. Katika hali zote hizi kuna aliyeamua, kuna saa iliyoteuliwa na kuna eneo lililochaguliwa. Kwa hivyo yapo mambo ambayo yangeweza kuelezwa mapema.

Yaelezwe kwa nani? Jibu la haraka ni "kwa wateja". Makala haya yanamwangazia mpokeaji mwingine ambaye aghalabu hufikiriwa kuwa sehemu ya umma tu, naye ni askari aliye zamuni katika kituo cha polisi. Maswali yanayotuongoza ni matatu. Kwanza, kwa nini polisi anahitaji taarifa yake mwenyewe? Pili, ni vipengele gani vya lugha vinavyoifanya taarifa hiyo itendeke au ishindwe? Tatu, taarifa hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili, iwe na sura gani? Mifano iliyotumiwa katika uchanganuzi imetungwa kwa kufuata mazoea ya lugha yanayofahamika na wasemaji wengi wa Kiswahili nchini. Hakuna mfano unaonukuu mawasiliano ya ofisi yoyote.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Nadharia ya vitendo-usemi iliasisiwa na mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1962 baada ya kifo chake, kisha ikaendelezwa na Mmarekani John Searle katika kitabu chake cha mwaka wa 1969. Kiini chake ni kwamba kusema ni kutenda. Anayesema "naahidi" hasimulii habari za ahadi. Anaahidi papo hapo.

Austin alitofautisha tabaka tatu katika usemi mmoja. Lipo tendo la kutamka maneno yenye maana, lipo tendo linalokusudiwa kwa maneno hayo, kama vile kuonya, kuomba au kuagiza, na ipo athari inayompata msikilizaji. Aidha alisisitiza kuwa tendo la usemi huhitaji masharti ya ufanisi. Mwamuzi wa mchezo akipuliza kipenga, mpira husimama. Shabiki akipuliza kipenga chake jukwaani, mpira hauna budi kuendelea. Sauti ni ile ile, lakini masharti hayakutimia.

Tukiutumia mkabala huu, taarifa ya kukatizwa kwa umeme si habari tupu. Kwa mwenye nyumba ni onyo: weka maji akiba, chaji simu, usiache pasi imechomekwa. Kwa askari ni zaidi ya onyo. Ni ombi la kutenda: mweke mtu njiapanda, ongeza doria, watambue mafundi watakaokuwa juu ya nguzo. Ombi halikamiliki kwa kutangazwa hewani. Hukamilika linapomfikia mtu mwenye uwezo na mamlaka ya kulitekeleza, likiwa na maelezo yanayomtosha kulitekeleza.

3.0 Kwa Nini Polisi?

Mtu anaweza kuuliza: polisi ana shughuli gani na matengenezo ya nguzo? Zipo sababu tatu zilizo wazi.

Sababu ya kwanza ni barabara. Taa za trafiki zikizimika katika njiapanda yenye magari mengi, kila dereva hujipa haki ya kupita kwanza. Asiyekuwa na haki kabisa ni mwenda kwa miguu. Askari wa trafiki akiwapo kabla ya taa kuzimika, foleni huenda polepole lakini huenda. Akija baada ya saa nzima, atakuta magari yamefumana kama vidole vya mikono miwili.

Sababu ya pili ni usiku. Ni kweli kwamba matengenezo mengi nchini hupangwa mchana, aghalabu kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni. Hata hivyo, Kenya imepitiwa na ikweta. Jijini Nairobi jua huchwa takriban saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Kazi iliyopangwa kumalizika saa kumi na moja ikichelewa kwa saa mbili tu, wanaotoka kazini watakuta mitaa haina taa, kengele za tahadhari za maduka zimenyamaza na kamera za usalama hazioni kitu. Mpango wa mchana umegeuka kuwa jambo la usiku bila ya mtu kuutangaza upya.

Tusitie chumvi hapa. Giza peke yake halimfanyi mtu kuwa mwizi. Jiji la New York lilipatwa na giza mnamo Novemba 1965, na usiku huo ukakumbukwa kwa utulivu wake. Lilipopatwa tena usiku wa tarehe 13 Julai 1977, maduka yapatayo 1,600 yaliharibiwa au kuporwa, na watu zaidi ya 3,000 wakakamatwa. Jiji ni lile lile. Hali ya maisha na ya usalama ilikuwa tofauti. Giza hizo mbili hazikupangwa, kwa hivyo hakuna aliyeweza kuzitangaza. Funzo lake kwetu ni kwamba hakuna ajuaye mapema giza litakuwa la aina gani. Kwa sababu hiyo, pale giza linapopangwa, kumnyima askari nafasi ya kujiandaa ni hasara isiyo na faida.

Sababu ya tatu ndiyo inayogusa lugha kwa karibu zaidi, nayo ni wizi wa vifaa vya umeme. Wezi hufyonza mafuta ya transfoma, huiba shaba iliyomo ndani yake na hung'oa vyuma vya minara. Tarehe 11 Januari 2022 umeme ulipotea karibu nchi nzima baada ya minara ya njia kuu ya umeme kutoka Kiambere hadi Embakasi kuanguka. Uharibifu wa makusudi ulitajwa katika uchunguzi, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu. Marufuku hayo yaliondolewa mwezi wa Mei mwaka huo huo. Katika mazingira kama haya, mtu aliyepanda nguzo mtaa ukiwa hauna umeme anaweza kuwa fundi au mwizi. Kwa macho ya mpita njia, wote wawili wamebeba koleo, na wote wawili wana haraka.

Tutazame mazungumzo haya ya kubuni, mkazi wa mtaa anapopiga simu kituoni:

(1) Mkazi: Hujambo afande? Huku kwetu stima imepotea tangu asubuhi.
Askari: Sijambo mama. Je, mmewapigia watu wa umeme?
Mkazi: Nimepiga, hawashiki. Lakini afande, kuna vijana wawili wamepanda pale kwenye transfoma.
Askari: Ni mafundi?
Mkazi: Mimi sijui, mwanangu. Wamevaa zile fulana za kumetameta tu.
Askari: Haya mama, ngoja niulize.

Mama huyu ametimiza wajibu wake wa uraia. Askari naye hana kosa. Kilichokosekana ni taarifa ambayo ingefika kituoni siku iliyotangulia. Kama taarifa ingekuwapo na inataja mtaa huo, askari angejibu: "Hao ni mafundi, mama, watamaliza jioni." Kama taarifa za mtaa mwingine zipo lakini za mtaa huu hazipo, ukimya huo nao ungekuwa habari: watu hao hawatarajiwi hapo, na gari la doria lingeng'oa nanga mara moja. Taarifa iliyotolewa kwa mazoea huyapa maana hata maeneo ambayo haikuyataja. Pasipo mazoea hayo, neno "niulize" huchukua nusu saa, na nusu saa yamtosha mwizi wa mafuta.

4.0 Uchanganuzi wa Lugha ya Taarifa

4.1 Kauli za kitenzi

Kitenzi -kata kinaweza kunyambuliwa kwa namna kadhaa zinazohusu mada yetu:

(2a) Kampuni itakata umeme kesho. (kauli ya kutenda)
(2b) Umeme utakatwa kesho. (kauli ya kutendwa)
(2c) Umeme utakatizwa kesho. (kutendesha kukiwa katika kutendwa)
(2d) Umeme utakatika kesho. (kauli ya kutendeka)

Katika (2a) mtendaji yuko mbele ya macho yetu. Katika (2b) na (2c) amefichwa, lakini mlango umeachwa wazi, kwani twaweza kumrejesha kwa kiunganishi cha mtendaji: "Umeme utakatwa na kampuni." Katika (2d) mlango umefungwa. Hakuna msemaji wa Kiswahili atakayekubali sentensi "*Umeme utakatika na kampuni". Kutendeka ni hali inayokipata kitu. Ndiyo kauli ya kikombe kilichovunjika mezani ilhali kila mtoto nyumbani ameapa kuwa hakukigusa.

Tofauti kati ya (2b) na (2c) nayo haifai kupuuzwa. Kukatiza ni kuingilia kati jambo linaloendelea, kama mtu anavyokatiza mazungumzo. Kwa hivyo "utakatizwa" hudokeza kwamba umeme utarudi, na ni neno la heshima zaidi katika matangazo rasmi. "Utakatwa" laweza kumtia mteja hofu kwamba hakulipa deni lake. Neno "mgao", linalosikika zaidi wakati wa uhaba nchini Kenya na Tanzania, limekwenda mbali zaidi. Linatokana na -gawa, nalo huleta picha ya sinia moja na mikono mingi. Ni tasfida: linataja kile kinachotolewa na kunyamazia kile kinachonyimwa.

Katika tangazo kwa umma, (2c) inatosha. Katika taarifa kwa polisi, (2a) ndiyo inayofaa. Askari anahitaji kujua nani anakata ili ajue nani wa kumpigia simu kazi ikichelewa, na nani wa kumwuliza anapowakuta watu juu ya nguzo. Kumtaja mtendaji hapa si suala la mtindo. Ni kutimiza mojawapo ya masharti ya ufanisi.

4.2 Mahali

Matangazo ya umma kuhusu kukatizwa kwa umeme, ambayo kwa miaka mingi yamechapishwa magazetini kwa Kiingereza, hutaja eneo kwa jumla ("sehemu ya" mtaa fulani), kisha hutoa orodha ya shule, viwanda, makanisa na majumba, na aghalabu hutamatika kwa maneno yenye maana ya "na wateja walio karibu". Kwa mhandisi, fungu hili lina mantiki. Waya mmoja hulisha nyumba nyingi, na haiwezekani kuzitaja zote. Ramani iliyo akilini mwake ni ramani ya nyaya.

Ramani ya askari ni nyingine. Yeye huifahamu dunia yake kwa vituo vya basi, njiapanda, masoko, benki, mabaa, vichochoro na mipaka ya kituo chake. "Wateja walio karibu" si mahali anapoweza kumtuma mtu. Tena, waya haujali mipaka ya utawala: umeme ukikatwa kwa ajili ya nguzo iliyo upande huu wa mto, giza laweza kuwa upande wa pili, ambao ni wa kituo kingine cha polisi. Hivyo basi taarifa haina budi kufasiriwa kutoka ramani ya nyaya hadi ramani ya mitaa. Hii ni tafsiri kwa maana yake kamili, hata kabla hatujatoka katika Kiingereza na kuingia katika Kiswahili.

4.3 Saa

Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo. Saa tatu asubuhi ya Mswahili ni saa 9.00 katika maandishi ya Kiingereza. Kila mwanafunzi wa darasa la tatu anajua jambo hili, na bado hukosewa na watu wazima wenye haraka. Tuchukulie tangazo lililoandikwa kwamba umeme utakatwa saa 9.00. Karani akilisoma kwa simu kuwa "saa tisa", msikilizaji ataelewa alasiri. Askari wa trafiki atapelekwa njiapanda saa sita baada ya taa kuzimika.

Polisi wenyewe huandika saa kwa tarakimu nne: 0900, 1700. Mfumo huo hauna utata wa asubuhi na jioni. Pendekezo letu ni kwamba taarifa itaje saa mara mbili, kwa maneno na kwa tarakimu: "saa tatu asubuhi (0900)". Ni urudufu, lakini ni urudufu wenye kazi. Aidha hali ya kitenzi ilingane na uhakika uliopo. "Umeme utarudi saa kumi na moja" ni ahadi. "Unatarajiwa kurudi" ni makadirio. Anayeandika la kwanza huku akimaanisha la pili atakuwa amempa askari msingi mbovu wa kupanga zamu.

4.4 Mpokeaji na kumbukumbu

Kituo cha polisi hakilali, lakini askari hulala. Aliyepokea simu saa nne usiku si yule atakayekuwa mezani asubuhi. Ndiyo maana kila kituo kina Kitabu cha Matukio, ambacho raia wengi hukijua kwa herufi zake mbili, OB. Jambo likiandikwa humo hupewa nambari, na zamu inayoingia hulikuta. Taarifa iliyosemwa kwa mdomo na kupokewa kwa "sawa" imetamkwa, lakini haijakaa mahali popote. Taarifa iliyopewa nambari ya OB imekuwa tendo la taasisi. Kwa mtazamo wa Austin, nambari hiyo ni ushahidi kwamba mpokeaji amekubali kuwa mpokeaji.

5.0 Tajriba ya California

Hadi hapa tumejadili jinsi mambo yanavyostahili kuwa. Lipo eneo ambalo suala hili limewekewa kanuni za maandishi, na mafanikio na makosa yake yanatufaa kama kioo. Huko California, Marekani, nyaya zikiangushwa na upepo mkali wakati wa kiangazi huweza kuwasha moto wa nyika. Moto wa Novemba 2018 ulioteketeza mji wa Paradise uliua watu 85, na chanzo chake kilikuwa nyaya za umeme. Kampuni za huko hukata umeme kabla ya upepo kufika.

Mnamo Mei 2019, Tume ya Huduma za Umma ya California iliweka mwongozo wa mpangilio wa taarifa. Polisi, wazima moto, hospitali na watoa huduma wengine muhimu wapewe taarifa ya mapema saa 48 hadi 72 kabla ya umeme kukatwa, inapowezekana. Wateja wote wafuate, saa 24 hadi 48 kabla. Taarifa nyingine itolewe saa moja hadi nne kabla, nyingine umeme unapokatwa, na nyingine unapokaribia kurudishwa na unaporudi. Yaani, kwa mwongozo huo, taarifa si tangazo moja bali ni mfuatano wa vitendo-usemi, na mpokeaji wa kwanza ni yule anayetakiwa kutenda kwa niaba ya wengine.

Kanuni ilikuwapo, utekelezaji ukayumba. Mnamo Oktoba 2019, kampuni ya PG&E ilikatia umeme nyumba na biashara zaidi ya 700,000 katika wimbi moja. Tovuti ambayo watu walielekezwa kutafutia habari ililemewa ikaanguka, na baadhi ya wateja hawakupewa taarifa kabla. Mnamo 2021 Tume iliitoza kampuni hiyo adhabu ya dola milioni 106 kwa namna ilivyoendesha ukataji huo. Kwa mwanafunzi wa lugha, funzo liko bayana. Kutangaza na kufikisha ni vitendo viwili, na sheria inaweza kumwadhibu aliyetenda cha kwanza akadhani ametenda vyote viwili.

6.0 Je, Taarifa Haitamfikia Mwizi?

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Huenda ikasemwa kwamba kutangaza saa na mahali pa giza ni kumwalika mwizi. Pingamizi hili lina uzito, lakini limeelekezwa pasipofaa. Tangazo la umma liko gazetini na simuni tayari, na mwizi ni msomaji kama wasomaji wengine. Ikiwa mwizi anajua na askari hajui, siri haikulindwa, imegawanywa vibaya.

Isitoshe, tangazo la umma ni haki. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 35, inampa raia haki ya kupata habari, na katika Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili anufaike nazo. Kuficha ratiba kwa kisingizio cha usalama kungemwumiza mwenye kinyozi, mwenye mashine ya kusaga na mgonjwa anayetegemea kifaa cha umeme nyumbani.

Njia ya kati ni kuwa na matini mbili. Ya umma itaje eneo, siku, saa na sababu. Ya polisi iongeze yasiyopaswa kuanikwa: ni jengo lipi ambalo jenereta yake ni mbovu, kamera zipi zitazimika, mafundi ni wangapi na watatambuliwaje. Hapa ndipo dai letu kuu linapojidhihirisha. Matini ya pili haipatikani kwa kunakili ya kwanza, kwa sababu msomaji wake ni mwingine na analotakiwa kufanya ni lingine.

7.0 Kiolezo

Kwa kuzingatia hoja zilizotangulia, tunapendekeza kiolezo kifuatacho. Majina ya mahali ni ya jumla na yatajazwa kulingana na eneo.

(3) KWA: Mkuu wa Kituo cha Polisi
KUTOKA: Msimamizi wa matengenezo, ofisi ya umeme ya eneo

Sisi, ofisi ya umeme, tutakata umeme siku ya Jumanne kuanzia saa tatu asubuhi (0900). Tunatarajia kuurudisha saa kumi na moja jioni (1700). Mafundi wetu watabadilisha nguzo tatu kati ya soko na daraja. Giza litafika pia ng'ambo ya mto hadi kituo cha basi. Kituo cha polisi cha huko kimearifiwa.

Taa za trafiki za njiapanda ya soko zitazimika. Tunaomba askari awepo hapo kabla ya saa tatu. Zahanati ina jenereta; benki haina.

Mafundi ni sita, na magari ni mawili. Kiongozi wao ana kitambulisho na barua ya kazi, na nambari yake ya simu imeandikwa hapa chini. Yeyote mwingine atakayeonekana juu ya nguzo si wetu.

Kazi ikielekea kuchelewa, tutawapigia simu kabla ya saa kumi jioni (1600). Umeme ukirudi, tutawapigia tena. Tafadhali mtusomee nambari ya OB ya taarifa hii.

Msomaji atatambua kuwa sentensi inayotangaza kukatwa kwa umeme ina mtendaji wake. Atatambua pia kwamba sentensi inayosema "yeyote mwingine si wetu" ndiyo ambayo ingemwokoa askari wa mfano (1) na ule usemi wake wa "niulize". Simu ya saa kumi nayo imewekwa kwa makusudi: inamwachia mkuu wa kituo saa mbili na nusu za mwangaza kabla jua halijachwa.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tumeona kuwa polisi anahitaji taarifa yake mwenyewe kwa sababu ya barabara, ya usiku na ya wizi wa vifaa vya umeme. Tumeona pia kwamba taarifa hiyo huweza kushindwa kwa kauli inayomficha mtendaji, kwa mahali pasipo na mipaka, kwa saa yenye utata na kwa kutoandikwa panapostahili. Makosa haya hayahitaji mitambo ya bei ghali kuyarekebisha. Yanahitaji mwandishi anayemjua msomaji wake.

Tunapendekeza mambo matatu. Mosi, kwa kuwa Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, matangazo ya umma kuhusu umeme yatolewe kwa Kiswahili sambamba na Kiingereza, na yasomwe katika mabaraza ya machifu kwa ajili ya wasiosoma magazeti. Pili, ofisi za umeme na vituo vya polisi zikubaliane kuhusu orodha moja ya majina ya mahali, ili ramani ya nyaya na ile ya doria zisemezane. Tatu, wanafunzi wenzetu wa isimujamii wafike nyanjani wachunguze mawasiliano halisi baina ya pande hizi mbili, kwani makala haya yameegemea mifano ya kutungwa, na data halisi yaweza kuyathibitisha au kuyakosoa.

Ni matumaini yetu kuwa siku mama wa mfano wa kwanza atakapopiga simu tena, askari hatamwambia angoje. Atafungua kitabu, atasoma mstari mmoja, na atajua kama ampe mama huyo jibu au alipeleke gari.